Banda la NBA pale Soweto, Mbeya: nampa nyota nne, ya tano akitoa lile jiko

Wadau wa kikapu mnaoniulizaga kila siku pleiofu za NBA, yaani mtoano wa ligi ya kikapu ya Marekani, naangalia wapi, leo naandika yote hapa niache kujibu mmoja mmoja. Ni lile banda la mitaa ya Soweto, ukishuka toka barabara kuu ya kwenda Tunduma unawapita mafundi pikipiki, unaona mabati ya bluu na benchi nje, ndo hapo hapo. Jina halina, wameandika tu MPIRA HAPA kwa chokaa, na mwenyewe tunamwita Kocha ingawa hamna anayeijua timu aliyowahi kufundisha. Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ipo, nimeishikilia mkononi, nitasema kwa nini.

Mabanda umiza Mbeya hii yapo kila kona, Mwanjelwa, Mafiati, Kabwe, Uyole, we sema tu, ila nenda kaombe kikapu uone utakavyoangaliwa. Utaambiwa subiri mpira wa Uingereza uishe, subiri marudio ya Yanga, subiri Simba wanahojiwa, halafu subiri mieleka. Ukibahatika sana unawekewa NBA bila sauti huku spika inapiga singeli na mtu wa pembeni anakuuliza hivi hapo wanahesabuje magoli. Kwa Kocha kikapu kina ratiba yake, imebandikwa mlangoni, na imeandikwa kwa saa zetu, sio zile saa za Marekani mpaka uanze kuhesabu vidole. Mechi inayoanza saa mbili na nusu usiku kule New York, kipindi cha Mei na Juni kwetu inakua saa tisa na nusu usiku. Zile za mchana wao Jumapili ndo zinatuangukia vizuri, saa mbili usiku, saa nne na nusu, unaangalia kama mtu mwenye akili timamu halafu unaenda kulala.

Kiingilio buku. Fainali akapandisha ikawa buku jero ila na kikombe cha chai ya tangawizi humo humo, kwa hiyo hakuna aliyenung'unika. Picha anapata kwa kifurushi cha kulipia cha mtandaoni, kaunganisha na projekta, ukuta kaupaka rangi nyeupe, na anazo laini za mitandao mitatu, huu ukianza kuganda anahamia mwingine fasta hata hujamaliza kusema aah. Umeme ukikata ana betri inayobeba projekta na ruta tu, spika kubwa haibebi, mnabaki mnaangalia kimya kabisa huku mnasikia majogoo ya jirani. Mi hata napendaga ile, maana watangazaji wakinyamaza ndo unaanza kuona mpira wenyewe.

Na hapo ndo nataka nifike. Banda hili sio zuri kwa sababu ya ukuta mweupe, ni zuri kwa sababu unaangalia mechi NZIMA. Wengi wetu kikapu tunakijua kwa vile vipande vya dakika tisa kwenye simu, danki, tatu, danki, tatu, halafu tunakuja kubishana nani bingwa. Kipande hakikuonyeshi mtu anayekaba. Pale mbele anakaaga mzee mmoja mstaafu, alifundisha michezo sekondari huku huku nyanda za juu, tunamwita Mwalimu. Ukiingia unamwamkia hata kama ni robo ya nne, shikamoo Mwalimu, anakujibu marahaba kaa chini unaniziba. Vijana wakianza kelele za nani kafunga ngapi, yeye ana swali moja tu, na analiuliza taratibu bila kugeuka: nani anakaba?

Chukua Oklahoma City Thunder. Msimu wa 2024-25 wameshinda 68 wamepoteza 14, na kila mechi wanampita mpinzani kwa wastani wa pointi 12.9, kabla yao hamna timu NBA iliyowahi kumaliza msimu na pengo hilo. Kwenye vipande unamuona Shai Gilgeous-Alexander tu, anamvunja mtu, anarudi nyuma, anatupia, wastani wa pointi 32.7, MVP, yaani mchezaji bora, wa msimu na MVP wa fainali, unaondoka na neno lako kwamba ni timu ya mtu mmoja. Sasa mechi ya saba na Denver, Mei 18, ilituangukia Jumapili usiku banda limejaa mpaka watu wamekaa kwenye makreti ya soda. Nikola Jokić, nyota wa Denver, ana futi 6 na inchi 11 na mwili wa kubeba magunia, alikabwa na nani? Alex Caruso. Futi 6 na inchi 5, jamaa ambaye siku ya drafti, ile ya timu kuchagua wachezaji wapya, hakuna timu iliyomtaja. Anakaa mbele yake sio nyuma, anamganda kiunoni, mkono mmoja uko hewani muda wote, kila pasi ya kwenda kwa Jokić inageuka kesi, Denver wanapoteza sekunde kumi wanatafuta tu namna ya kumfikishia mpira mtu wao. Ikaisha 125 kwa 93. Caruso hutamuona kwenye kideo chochote akifanya hayo, maana hakuna cha kukata hapo, ni usumbufu mtupu wa usiku mzima. Mwalimu siku ile hakuuliza, alikua anacheka mwenyewe.

Kitu kingine cha Kocha ambacho sijakiona banda lingine lolote ni marudio ya jioni. Mechi ya alfajiri anairekodi, anaiweka tena saa kumi na moja jioni kwa ajili ya waliolala na walio kazini, kwa nusu ya kiingilio, na kuna kibao cha boksi kimeninginizwa: UKITAJA MATOKEO UNANUNUA CHAI YA WOTE. Sio utani. Siku ya mechi ya kwanza ya fainali, Indiana Pacers wamekwenda kwa Thunder, waliokesha tunajua kilichotokea, Pacers hawakuongoza hata sekunde moja mechi nzima mpaka Tyrese Haliburton alipotupia zikiwa zimebaki sekunde 0.3, 111 kwa 110. Jioni watu wamekaa kwa amani zao wanaangalia robo ya pili, Pacers wanapoteza mpira hovyo hovyo, wanasikitika kabisa, akaingia dogo wa bodaboda hata kofia hajavua, "oyaa mmemuona Haliburton lakini?" Kimya. Kocha akasimamisha picha. Dogo akajitetea eti hajataja matokeo, kataja mtu, na mtu anaweza kuonwa hata akifungwa. Ikawa mahakama, robo saa nzima, wengine wanasema jina peke yake sio ushahidi, wengine wanasema tatizo ni ile "lakini", ukisikia "lakini" tu ushajua kuna kitu. Mwisho Mwalimu akaamua: chai nusu ya watu. Dogo akalipa huku anacheka, na mechi ikaendelea na bado watu walipiga kelele mwishoni kama hawajui.

Ile fainali yenyewe ilienda mechi saba. Mechi ya saba kwetu ilikua usiku wa kuamkia Jumatatu, Juni 23, saa tisa, na Juni ya Mbeya mnaijua wenyewe, watu wamekuja na mablanketi, kuna mmoja alivaa soksi mikononi. Haliburton keshatupia mitupo yake mitatu ya pointi tatu robo ya kwanza, tunasema leo leo, halafu anaanza kwenda kwenye kikapu mguu ukagoma, kano ya kisigino, akabaki anapiga sakafu kwa kiganja. Aisee banda lilinywea. Hata mashabiki wa Thunder. Pacers bado walikwenda mapumziko wakiongoza 48 kwa 47, moyo gani ule, ila robo ya tatu Thunder wakafungulia na ikaisha 103 kwa 91. Sasa hapo hapo wabongo hatukosi la kusema, mtu akakumbushia kwamba Damian Lillard, Jayson Tatum na Haliburton wote wamekatika kano ile ile kwenye pleiofu hizo hizo, na wote watatu wanavaa jezi namba 0. Ni kweli kabisa, nenda kaangalie. Toka siku hiyo pale bandani ukiandika sifuri kwenye daftari la Kocha mtu anaigeuza inakua nane.

Haya tuje kwa madogo, maana kipindi cha kusubiri ligi ya 2025-26 ianze kilichobishaniwa pale ni drafti ya 2025 tu. Cooper Flagg kachukuliwa namba moja na Dallas Mavericks, timu iliyokua na nafasi ya asilimia 1.8 tu kwenye ile bahati nasibu ya kupanga nani achague kwanza, miezi michache tu baada ya kumuuza nyota wao Luka Dončić kwa Lakers, we fikiria bahati ya namna hiyo. Vijana wengi pale walikua hawamuelewi Flagg. Wanasema haruki sana, hana mbwembwe, wanamtaka Ace Bailey aliyekwenda Utah namba tano kwa sababu anatupia hata akiwa kaning'inizwa. Mi nasema Flagg ni dogo wa kuangaliwa mechi nzima. Kwenye mechi za chuo chake cha Duke tulizoonyeshwa, angalia anaposimama mpira ukiwa upande wa pili, anawahi kabla pasi haijatoka, anazuia jamaa wa futi saba halafu yeye yeye anaupeleka mpira mbele na anatoa pasi. Na alikua na miaka 18. Dallas wakati huo 2025 walikua na Anthony Davis na huko mbele Kyrie Irving akipona goti, hakutakiwa kubebeshwa kila kitu siku ya kwanza, na hilo ni la muhimu kuliko watu wanavyodhani.

Nikifika kwenye hilo lazima mtu amtaje Hasheem Thabeet, na sawa, sisi ndo wenyewe. Mwaka 2009 kijana wa Dar kachaguliwa namba mbili na Memphis Grizzlies, nyuma ya Blake Griffin tu, mbele ya James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba. Mpaka leo pale bandani kuna watu hilo linawauma kama jana. Wengine wanasema alivivia, mi siafiki hata kidogo. Alianza kushika mpira wa kikapu keshakua kijana mkubwa, chuoni Connecticut akawa balaa la kuzuia mipira, halafu NBA wakamuona futi 7 na inchi 3 wakamtaka awe tayari hapo hapo, msimu wa kwanza tu akashushwa ligi ya chini, baada ya hapo ni kuhamahama, Houston, Portland, na misimu miwili akavaa jezi ya hao hao Thunder. Waliomchagua waliangalia bloku. Bloku ni kipande cha video pia.

Ndo maana macho yangu yako kwa Khaman Maluach. Mtoto wa Sudan Kusini, kakulia Uganda hapo jirani, akaenda akademi ya NBA kule Senegal, akacheza Olimpiki ya Paris 2024 na Sudan Kusini bado hajaanza hata chuo. Kachaguliwa namba kumi, Flagg namba moja na Kon Knueppel namba nne wote wametoka naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo pale Duke. Akaenda Phoenix, kaingia kwenye ule mzunguko wa timu kubadilishana wachezaji uliompeleka Kevin Durant Houston. Nani anakaba? Huyu anakaba. Ana zaidi ya futi saba na miguu inasogea, na kazi yake ipo wazi, zuia, shika rebaundi, mzibie mwenzako njia, malizia. Wasimpe kazi ya mtu mwingine. Na siku ya drafti alivyolia pale jukwaani, mama chai wetu ambaye kikapu hajui hata kinaanzaje naye alifuta macho kwa khanga, akasema huyu mtoto kapewa na Mungu, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kwa drafti ya 2026 walikua wanatajwa AJ Dybantsa, Darryn Peterson na Cameron Boozer, na vijana walishaanza kugawana ila mi hapo nilikua sijaona mechi za kutosha nikaacha.

Ubingwa wa msimu wa 2025-26 niliutabiri hivi, ligi ikiwa bado haijaanza. Kanda ya Magharibi ilikua Thunder, halafu pengo, halafu wengine. Tatizo lao lilikua historia, toka Warriors wa 2017 na 2018 mpaka 2025 hakuna aliyetetea, mabingwa saba tofauti kwa miaka saba mfululizo. Ila wale walikua watoto bado na benchi walirudi karibu wote. Denver niliwaogopa kuliko Houston Rockets, maana safari ile Jokić aliletewa watu wa benchi, alikuja Valančiūnas ili Jokić aweze kupumzika bila timu kuzama. Rockets na Durant wa miaka 37 walikua wananitisha mpaka mpangaji wao Fred VanVleet alipochanika goti Septemba 2025, nikajiuliza nani anapanga mpira pale? San Antonio nilisema sio mwaka ule, lakini Victor Wembanyama alirudi kapona lile tatizo la damu kuganda begani, ana Stephon Castle na Dylan Harper aliyechaguliwa namba mbili kwenye drafti, msije kusema hamkuambiwa. Kanda ya Mashariki ilikua wazi kama uwanja wa Sokoine siku ya mvua. Boston bila Tatum, Indiana bila Haliburton, wakabaki Cleveland, New York waliomfukuza kocha aliyewafikisha fainali ya kanda ya kwanza toka 2000, na Orlando waliomnunua Desmond Bane. Cleveland walishinda 64 halafu wakatolewa na Pacers mechi nne kwa moja, mi hela yangu sikuweka hapo. New York. Nimeandika kwenye daftari la Kocha na sahihi nimeweka.

Lakers? Pale ndo ugomvi. Kocha ni Lakers wa damu toka enzi za Kobe, na hii ni kasoro ya huduma kabisa naihesabu. Siku Lakers wanacheza yeye ndo mtangazaji, sauti ya tivii anaipunguza anatangaza mwenyewe, faulo zote ni za kuonewa. Minnesota walipowatoa mechi nne kwa moja raundi ya kwanza ya 2025 alifunga banda siku nzima, kaandika MATENGENEZO. Matengenezo ya nini, ukuta ulikua ule ule.

Kasoro nyingine ndogo ndogo: benchi za nyuma hazina egemeo, choo ni cha kuazima kwa jirani na jirani saa kumi usiku kalala, na Jumapili mpira wa miguu ukienda dakika za nyongeza kikapu kinahamishiwa kwenye kitivii kidogo nje, mnajipanga watu ishirini mnaangalia kitu cha inchi 24 na upepo wa Loleza unawapiga mgongoni. Hayo navumilia.

Nisichovumilia ni jiko. Baridi ikizidi anaingiza jiko la mkaa katikati ya banda na mlango anafunga, madirisha ni mawili na yamezibwa turubai ili mwanga usiingie kwenye picha. Ndugu zangu, hewa ile ya mkaa haina harufu wala moshi, unaanza na kichwa kugonga, unasinzia, unajua ni usingizi wa saa kumi usiku kumbe unaondoka. Watu wanakufa hivyo vyumbani kila msimu wa baridi huku kwetu, sio hadithi. Nimemwambia Kocha, Mwalimu kamwambia, anajibu mbona hatujawahi kupata tatizo. Kocha najua utasoma hii, vijana wako wanakuonyeshaga. Toa jiko nje, acha mlango wazi, sie tutakuja na mablanketi yetu, na nyota ya tano nakuletea mwenyewe.

Ligi ya 2025-26 ilianza usiku wa kuamkia Oktoba 22, 2025, Rockets walikwenda kwa Thunder siku waliyokabidhiwa pete za ubingwa, Durant kwenye uwanja aliokimbia 2016, kwetu ilikua saa nane na nusu usiku, na ukibaki mpaka saa kumi na moja alfajiri kulikua na Warriors na Lakers, mechi kama hiyo ya pili jiandae kumsikiliza Kocha. Kiingilio buku. Wahini benchi za mbele ila ile ya kulia pembeni ya projekta muiache, ni ya Mwalimu.